Gari Lililochemka Siku ya Posa

Juzi nilikuwa nasubiri usafiri pale Mpemba, nikaona gari dogo limeegeshwa pembeni, boneti juu, mvuke unatoka kama sufuria ya maharage iliyosahauliwa jikoni. Kijana mwenye gari alikuwa peke yake, simu sikioni. Nikangoja watu wamzunguke. Hakuna aliyekwenda. Zamani, rafiki yangu, gari likichemka barabarani, hata mpita njia mwenye jembe begani alikuwa na maoni yake. Nikajikuta nacheka mwenyewe, maana nilikumbuka pikapu ya jirani yetu na siku tuliyokwenda Ndalambo kumposea baba mdogo.

Tulikuwa tunakaa Igamba, kwa bibi. Katikati ya mwaka baridi ya kule ni kali, na bibi alikuwa akisema haina adabu, inaingia bila hodi. Kwa hiyo alifunika kila kitu. Miche ya kahawa aliifunika kwa nyasi, ndama alimvalisha blanketi kuukuu, chungu cha togwa alikizungushia kanga. Sisi wajukuu tulifunikwa hadi kugeuka tukashindwa. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi tukiwa tumelizunguka jiko, macho yanawasha kwa moshi, kila mmoja akimsubiri mwenzake awe wa kwanza kutoka nje.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa amempenda binti wa mfugaji mmoja aliyehamia Ndalambo na ng'ombe wake. Baba wa binti alikuwa mtu wa masharti. Alituma ujumbe: mje Jumamosi, mfike kabla ng'ombe hawajarudi zizini, na mje na kreti la soda ya machungwa. Soda hiyo aliinywa mara moja Tunduma na hakuisahau. Wachumba waliotangulia walichelewa, wakarudishwa mlangoni. Baba mdogo wiki nzima hakula vizuri. Alijua akikosa siku hiyo, amemkosa binti.

Jirani yetu akakubali kutupeleka kwa pikapu yake, ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Mshenga alikuwa mwalimu wa shule yetu, kwa sababu alijua kuongea. Bibi alikwenda kama mama wa mposaji, nami nikapelekwa kumshikia kikapu.

Alfajiri tuliisukuma pikapu mpaka ikawaka, ikawa inatetemeka yote. Jirani akasema baridi imelikamata gari lake, akaliacha lingurume, boneti wazi, sisi sote tukaingia ndani kunywa chai. Bibi tu ndiye aliyebaki nje kidogo, kisha naye akaja.

Tulipokaribia Mpemba jua lilikuwa limeshapanda. Gari likaanza kunuka, kisha mvuke ukatoka mbele. Jirani akafungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu kama mtu anayemtafuta ndugu kwenye umati.

"Mkanda wa feni umelegea," akasema. Akaukaza, akaongeza maji, akafuta mikono kwenye gunia lililokuwapo pale mbele ya rejeta, tukaondoka.

Likachemka tena Tunduma. Fundi wa pembeni ya barabara akaja kabla hatujamwita. Akafungua, akatoa kidude kidogo cha chuma kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto.

"Hiki cha nchi za baridi," akasema, akakirusha mtaroni. "Huku cha nini?" Naye akafuta mikono kwenye gunia lile.

Tukashika barabara ya Sumbawanga, wakati ule ikiwa vumbi tupu. Kwenye kilima cha kwanza likachemka. Safari hii mwalimu ndiye aliyegundua.

"Ni mzigo," akasema. "Tumezidi. Watu washuke."

"Mwalimu, unene uwe wako halafu lawama ziwe za gari langu?" jirani akamjibu.

Tukashuka wote isipokuwa bibi, aliyesema yeye si mzigo, ni mama wa mposaji. Tukasukuma mpaka juu. Pale tukakutana na mtu mwenye baiskeli ya mkaa. Akaiegemeza baiskeli, akachungulia injini, akatikisa kichwa.

"Pampu ya maji hiyo. La mjomba wangu lilianza hivihivi."

"Likapona?" baba mdogo akauliza.

"Liliuzwa chuma chakavu."

Baba mdogo akaenda kukaa kwenye jiwe. Alikuwa amevaa koti la kuazima, sasa lote limekuwa rangi ya barabara. Akawa anatazama jua, kisha gari, kisha jua.

Mbele kidogo maji yetu yakaisha. Ilikuwa kiangazi, vijito vimekauka, na nyumba hazikuonekana. Rejeta ilikuwa inanguruma tumboni kama mtu aliyekula maembe mabichi. Hapo nikamwona baba mdogo ametupia macho kreti la soda.

"Usithubutu," mwalimu akasema.

"Nikifika usiku na soda, nafukuzwa. Nikifika mapema bila soda, nafukuzwa. Afadhali nifukuzwe mapema nirudi kulala."

Tukangoja injini ipoe kidogo, kisha wakaanza kuzifungua chupa kwa meno. Jirani alimimina taratibu, lakini soda ikifika mle ndani ilitoa povu na kumwagika nje, na nyuki sijui waliambiwa na nani. Kreti zima likaishia humo. Harufu ilikuwa tamu kiasi kwamba nilitamani kuilamba boneti. Baba mdogo akavuta ncha ya gunia apangusie povu, ndipo bibi akanyoosha shingo kutoka kwenye kiti.

"Na hilo gunia langu mnavyolichafua, nitalifulia wapi?"

Jirani akageuka. "Gunia lako, mama?"

"Langu, la nani? Si mlisema gari linatetemeka kwa baridi? Nikalifunika kifua, nikafunga na kamba vizuri. Mkaenda kunywa chai, nani angelifunika?"

Sote tukainama mbele ya gari. Gunia zito la kahawa lilikuwa limekunjwa mara nne, limebanwa mbele ya rejeta, upepo wa kuipoza usipite hata kidogo. Tulikuwa tumelifutia mikono tangu asubuhi. Jirani alisema baadaye yeye alidhani fundi wa Vwawa aliyemtengenezea gari mara ya mwisho ndiye aliyelisahau.

Hakuna aliyemgombeza bibi. Ungeanzia wapi? Jirani alikata kamba, akamkabidhi gunia lake kwa mikono miwili, na gari likaenda bila hata kukohoa.

Tulifika ng'ombe wanaingia zizini. Mzee alikuwa amesimama langoni na fimbo. Ndama mmoja alikuwa bado nje anang'ang'ania majani, mwalimu akaenda kusimama karibu naye kama shahidi wake.

"Huyu bado hajarudi, mzee," akasema.

Mzee akamtazama ndama, akamtazama mwalimu. "Na soda?"

Mwalimu, aliyejua kuongea, akageuka kumtazama ndama. Baba mdogo akainamisha kichwa. Bibi ndiye aliyejibu, kwa utulivu kabisa, "Imo ndani ya gari. Ndani sana." Akamweleza yote, gunia na nyuki na chupa tupu. Mzee alisikiliza bila kucheka. Kisha akaenda mbele ya pikapu, akaamuru ifunguliwe. Jirani alimzuia mpaka ipoe, kisha akafungua kizibo. Mzee akachovya kidole, akalamba, akatafakari.

"Ya machungwa," akasema. "Ina kutu. Lakini imefika. Karibuni."

Nyuma ya nyumba tukasikia binti anacheka, na mama zake wakimnyamazisha, nao wakicheka.

Siku hizi barabara ile ni lami. Baba mdogo na mke wake huenda Ndalambo na kurudi siku hiyohiyo, na watoto wao huniuliza sisi tulifanya nini njiani kutwa nzima. Bibi hayupo, na mzee naye amelala kando ya zizi lake. Leo ukichelewa unapiga simu, unatoa udhuru, unapokelewa au unakatiwa, na mambo yameisha. Aliyebaki wa kuja kwenye gari la mchumba, akachovya kidole ajue kama anaambiwa kweli, mimi sijamwona.