Jina Nililompa Mtoto wa Jirani

Enzi zetu pale mtaani Rwezamenyo, mtoto akizaliwa, majina ya kwanza alipewa na watoto wenzake. Watu wazima walikuwa na lao, la kanisani au la msikitini, la kuandikwa kwenye karatasi. Lakini siku ya nane sisi wadogo ndio tuliokuwa wenye shughuli. Tuliitwa mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo, tukapewa vijembe na vijiti, tukalima kipande cha bustani nyuma ya nyumba. Tukishatoka jasho, shangazi wa mtoto alitunyunyizia maji akisema mvua imekuja, nasi tukakimbilia ndani kula maharage. Halafu kila mmoja alitaja jina lake, na hakuna mkubwa aliyethubutu kutucheka.

Ili ulime lazima pawe na udongo, na wakati ule udongo ulikuwepo. Hata nyumba ya vyumba viwili ilikuwa na bustani yake: maboga yanapanda juu ya ua, nyanya chungu, na dodo. Kwetu dodo si embe, ni mboga ya majani, ile ambayo wengine huiita mchicha. Asubuhi tulikula andazi la moto na chai ya maziwa, mchana tukacheza mpira wa majani makavu ya mgomba, jioni tukatumwa kuchuma dodo. Kwenda Remera, upande wa pili wa mji, kumsalimu mama mdogo ilikuwa safari kamili. Tulioga, tukavaa viatu, na tuliporudi tulisimulia wiki nzima. Vijana wa leo wanapanda ndege na hawana la kusimulia, wana picha tu.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ua alikuwa Mama Vesta, Mkatoliki, rafiki mkubwa wa mama yangu. Mwaka wa tisini na moja alijifungua mtoto wa pili, wa kike. Mimi nilikuwa na miaka saba, na siku ya kumpa jina nilitaka nionekane mkulima kuliko wote. Tulionyeshwa kona moja kavu karibu na ua. Mimi nikaona pembeni tuta lenye udongo mweusi, laini, limemwagiliwa vizuri. Nikahamia huko. Nililima kwa moyo wangu wote, na shangazi alipogeuka nilikuwa nimeng'oa dodo zote za Mama Vesta, tuta zima, mboga ya mwezi mzima.

Hakuna aliyenipiga, na hilo ndilo lililonitesa. Wenzangu walitoa majina yao, mmoja akamwita mtoto Mandazi, na zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti ya kulia, "Dodo." Nilifikiri ndiyo njia ya kulipa nilichoharibu.

Mama Vesta alicheka hadi akashika tumbo. "Weye Hawa, dodo yangu umemaliza, sasa hata mtoto wangu iko dodo?"

Jina likaganda. Karatasini aliandikwa Umutoni, lakini mtaani, jikoni, mgongoni mwa mama yake, alikuwa Dodo. Alipoanza kusema, alijiita Dodo. Alipenya ua wetu kila asubuhi kufuata andazi, na mama yangu akimwona alisema mboga yetu imekuja.

Halafu ikaja ile miezi ya mauaji ya tisini na nne. Siwezi kuisimulia hapa, na wenzangu wa rika langu hawahitaji kusimuliwa. Nitasema tu kwamba Mama Vesta alikimbia na watoto wake wawili, na katika msongamano wa barabarani mkono wa Dodo ukaponyoka. Mume wake hakurudi. Vita vilipokwisha Mama Vesta alirudi na Vesta peke yake, akakaa kwetu, na kila siku akatoka kwenda kwenye vituo walikokusanywa watoto waliopotea. Kila siku alirudi mikono mitupu.

Siku moja mama yangu aliamua kufuatana naye, akanichukua na mimi. Tulitembea mpaka kituo kimoja ambacho Mama Vesta alikwisha kufika mara mbili. Mama Vesta akasimama mbele ya meza, akatoa kadi ya ubatizo na kutaja Umutoni na jina la baba, kama tulivyofundishwa sote: mbele ya meza ya ofisi, jina ni la karatasi. Mlezi wa kituo akafungua daftari, akatikisa kichwa. Mama Vesta akageuka kuondoka.

Mama yangu hakugeuka. "Samahani dada," akasema. "Na Dodo? Iko mtoto anaitwa Dodo?"

Mlezi akarudi kurasa mbili nyuma. Kulikuwa na Dodo mmoja, hakuandikiwa baba wala mtaa, kwa sababu jina hilo ndilo jambo pekee mtoto alilojua kusema. Walimleta, Dodo wetu, akiwa amekonda, amenyolewa nywele. Mama Vesta akakaa chini palepale kwenye udongo. Mimi nililia, na hata sasa ninapoandika hili nashukuru kwa kila shina nililoling'oa.

Siku hizi majina yanachaguliwa kwenye simu, na sherehe ni wali, keki na viti vya kukodi juu ya sementi. Watoto wanakaa wametulia na fulana zenye jina tayari kifuani. Siwalaumu, wapi watalima?

Mwezi uliopita Dodo aliniita kwake Kinyinya, siku ya kumpa jina mtoto wake wa kwanza. Nilikuta uani kumewekwa sementi kama kwa wengine, isipokuwa ukanda mmoja kando ya ukuta. Hapo alikuwa ameotesha dodo, za kijani, zimenyooka, zimemwagiliwa asubuhi hiyo. Mama Vesta, mzee sasa, alikuwa ameketi karibu yake na vijembe miguuni. Nikamwuliza Dodo kwa nini asiwaonyeshe watoto mahali pengine pa kulima, mboga nzuri namna hii.

"Dada Hawa," akasema, "hizi nimezipanda wazing'oe."

Wakazing'oa zote.