Simu Niliyompokelea Jirani

Jirani yangu wa Nyalukemba, hapa Bukavu, alikuwa mjane mwenye ulimi kama wembe. Mtaa mzima ulimkwepa. Mimi nilimwendea kwa sababu isiyo na utakatifu wowote: kikohozi chake kilinikera nikishona. Nikampelekea chai ya tangawizi. Akaionja, akasema, "Hii iko mayi ya kunawa miguu." Kesho yake aligonga ukuta kuuliza kama ingine haiko.

Tukaanza hivyo. Mvua ikinyesha na ngazi za udongo zikiteleza, nilimbebea bidoni la maji. Jumamosi nilimpelekea sahani ya sambaza, dagaa wa ziwani. Hakuwahi kushukuru. Alisema nashona kama mtu anayefunga magunia, na kwamba mume wangu alikimbia mboga zangu. Hilo la mume liliniuma, maana kweli alikimbia. Hata hivyo nilirudi, mwanzoni kwa ukaidi tu. Kumpenda kulikuja baadaye, bila hodi.

Kwake hakukuwa na umeme. Kwangu ulikuwepo siku ulipojisikia, kwa hiyo simu yake niliichaji mimi. Mwanawe wa pekee alichimba dhahabu Shabunda, miaka sita hajakanyaga Bukavu, na alipiga mara chache, siku alizopanda mlima kutafuta mtandao. Kila jioni nilipomrudishia simu, mama aliuliza kwanza: "Alipiga?" Alitaka kitu kimoja tu duniani, amwone mwanawe kabla hajafa.

Jumapili moja simu iliita mezani kwangu, mwenyewe akiwa misa. Nikapokea. Ningesema tu mama yako iko kanisani, piga tena baadaye. Badala yake nikavimba kichwa. Nikamwambia kijana asihangaike: nampikia, namfulia, namchotea maji, mimi nikimwacha atakufa. Tenda wema uende zako, wanasema. Mimi nilikaa kungoja sifa, na nikazipata.

"Aksanti sana, maman," alisema. "Nilishatafuta place mu ndege ya kuya Kavumu, nifike Bukavu. Nilikuwa naogopa atakufa peke yake mu nyumba. Kumbe iko na mutu! Sasa niko na amani. Acha nibakie kwanza ku kazi."

Miezi mitatu simu haikuita. Nilinyamaza kama mwizi, huku mama akiuliza kila jioni na mimi nikijibu hapana. Siku moja akanitukania mboga kwa mara nyingine, hasira zikanipanda, nikamwambia yote. Nilitaka yamchome. Yakamchoma.

"Njo maana alinyamaza," akasema, taratibu. Kisha akanisukumia sahani yangu. "Toka leo usiniletee kitu. Nikibakia peke yangu, atakuya."

Akajifungia. Niliacha chakula mlangoni, nikakikuta vilevile, kimejaa sisimizi. Nilibisha, nikabembeleza, nikaomba msamaha kupitia tundu la kufuli. Ndani alikuwa anakohoa tu.

Wiki ya tatu alikuja kwangu mwenyewe, mashavu yamebonyea, simu mkononi. Akanishurutisha nipige, niweke sauti ya juu, niseme nimemwacha. Tulijaribu siku nne kabla ya kumpata.

"Miye nilishaacha mama yako," nikasema. "Hana mutu. Hakulake kitu."

Mama alikuwa amenishika mkono. Akajifunga vizuri kitambaa cha kichwa, kana kwamba kijana yuko mlangoni. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile, na nilimwonea uchungu.

Tulisikia upepo wa mlimani, halafu sauti ya mtu aliyechoka kusumbuliwa.

"Ah, maman. Basi umutafutie jirani mwingine."

Mama hakulia. Hakujua kitufe cha kukata simu, akaniomba nimkatie.