Sarafu ya Tausi ya Bi Sakina

Nakumbuka siku moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipopanda basi kwenda Flemingdon Park, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, kumrudishia Bi Sakina sarafu yake, huku nikitamani basi lisifike.

Mwanangu, nilikuwa mwanafunzi wa historia, nikijivunia kusoma maandishi ya Kiajemi. Bi Sakina, mjane wa Kizanzibari, alirithi sarafu moja ya shaba kutoka kwa babu wa babu yake, aliyehama Uajemi katika karne ya kumi na tisa. Mji alikotoka babu huyo ulikuwa umesahaulika, naye Bi Sakina akanikabidhi sarafu nimsomee jina la mji lililoandikwa juu yake. Zama hizo miji ya huko ilijigongea sarafu zake za shaba, na nje ya mji wake sarafu hiyo ilipungua thamani. Msafiri hakuibeba ila kwa ukumbusho. Kuujua mji wa sarafu, basi, kulikaribia kuujua mji wa babu.

Nami nikaisugua kwa limau na chumvi, kama tulivyong'arisha masinia ya shaba nyumbani Tanga Idi ikikaribia. Tausi aliyechorwa juu yake akang'aa. Jina la mji, lililoshikiliwa na kutu tu, likaondoka na kutu. Ukabaki mkia wa herufi ya mwisho.

Nikaandika kwenye karatasi: Shirazi. Niliona atafurahi, maana kwetu nani hadai Shirazi?

Bi Sakina aliitazama sarafu, kisha karatasi. "Umelisoma, au umenipendelea?"

Nikakiri yote.

"Masinia ya mama yako ni ya kulia wali, baba. Hili si sinia." Kisha akairudisha sarafu mkononi mwangu. "Nimeishi miaka sabini bila mji. Sitaki wa kuazima. Katafute."

Nilipekua trei za makumbusho majira mawili ya baridi, hata nikamkuta tausi yuleyule, mwenye ufa uleule shingoni: muhuri mmoja ndio uliozigonga sarafu zote mbili. Hapo jina lilikuwa zima, na mkia wake ulilingana na wetu. Yazd. Bi Sakina alilitamka mara tatu, taratibu, kisha akanipakulia wali. Kwenye sinia.

Mwanangu, usikisugue ulichokabidhiwa kabla hujakisoma. Ukikiharibu, sema. Nawe unayekulia huku, ukiulizwa asili yako na huijui, sema huijui, kisha katafute. Jina la kubuni lingenizuia hata kuanza. Mungu akujaalie subira, na akukutanishe na mzee atakayekurudishia mkononi hata kile ulichokiharibu.