Kiti cha Rais wa Lelemama

Siku hizo kila kitu kilikuwa na mwenyekiti na katibu, hata foleni ya sukari. Chama cha ngoma ya lelemama cha kina mama wa mtaa wetu, pale Kariakoo, kiliona uenyekiti haukitoshi, kikawa na Rais. Rais mwenyewe alikuwa shoga wa mama yangu, wa nyumba tuliyopakana nayo ukuta. Kiti chake cha mninga chenye mikono kilikuwa mali ya chama, na akishakikalia barazani kwake, hupiti bila shikamoo.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa mama kujifungua mwanangu wa kwanza. Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha la uani, na uani ndiko siasa zote zilikopikwa.

Kosa la Rais lilikuwa hili. Chama hakikuwa cha kucheza tu. Kilikuwa na masufuria makubwa ya shughuli, na msiba wa mwanachama ulitangulia kila kitu. Mwenzetu mmoja, mtu wa kusini asiye na ndugu mjini, alifiwa na mumewe. Masufuria hayakuwepo. Rais alikuwa ameyaazimisha Upanga, kwenye harusi nyumbani kwa mkubwa wa kazini wa mwanawe. Ikabidi wali wa msiba upikwe kwa visufuria vya nyumba hadi nyumba, na waliotoka makaburini wakala kwa zamu mpaka alasiri, mjane akiona. Hilo lilimkera mama kuliko ninavyoweza kueleza.

Lakini kukerwa na shoga yako si kutaka kumng'oa. Mama alitaka apewe onyo: aitwe mbele ya wenzake, amwombe radhi mjane, yaishe. Tatizo, Rais alikuwa na ndugu wengi chamani, na onyo peke yake wangelicheka. Basi mama akapiga hesabu zake. Hoja ya kwanza iwe ya kumwondoa. Itashindwa, nani asiyejua, ila itawatia watu wake kiwewe. Hapo ndipo onyo litakapoletwa, nao watalipokea kwa mikono miwili.

"Si umwambie tu, mama? Mko ukuta mmoja," nilisema.

"Nikimwambia, atatishika na nini? Wewe nyonyesha mtoto."

Kumbe upande wa pili nao walikuwa na hesabu zao. Ndugu zake Rais waliitaka hoja hiyo hiyo, tena upesi, maana ikishindwa, nani atathubutu tena kumkaripia? Kwa hiyo siku ya mkutano, uani kwetu, hoja ilipotajwa hakuna aliyeipinga. Mama alifurahi, na nadhani Rais, juu ya kiti chake kilichobebwa hadi kwetu, alifurahi zaidi.

Kura zilikuwa za nafaka, ndani ya chungu kilichofunikwa kanga: kunde abaki, choroko aondoke. Kila mmoja alijua hataondoka, basi kila mmoja akajiachia. Huyu alikumbuka alivyonyimwa vikombe vya harusi, yule alivyosemwa kwa kanga yake iliyopauka. Choroko moja ya kumtia adabu, itadhuru nini? Chungu kilipomiminwa, ungo mzima ukawa kijani.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Ndugu zake waliangaliana, na mpaka leo naamini baadhi ya choroko zile zilikuwa zao. Rais aliinuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka bila kumtazama mama. Kiti kilibaki kwetu.

Walimpa mama urais papo hapo, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha hoja. Hakukikalia kiti kile hata siku moja. Tulikiwekea ndoo ya maji. Shoga yake alihamia Magomeni kabla mwanangu hajaota jino, hakuaga, na salamu za mama hazikujibiwa. Inaniuma nikikumbuka mama alivyounyanyua mkono kuugonga ukuta ule kwa mazoea, aombe chumvi, kisha akaushusha.

Miaka ikapita, mama akafariki. Yule shoga yake alikuja msibani. Alipita moja kwa moja uani, akakaa mkekani, akavuta ungo wa mchele, akaanza kuchambua. Nilimwamkia, nikamletea kiti kile cha mninga.

"Marahaba, mwanangu. Kirudishe."

Nikashindwa kujizuia. Nilimweleza yote, kwamba mama alitaka onyo tu, na ile hoja ilikuwa ya kuwatisha watu wake.

Aliendelea kuchambua.

"Onyo ningelilia siku moja," alisema. "Kesho yake ningekuja hapa kunywa chai. Mbona hakuniambia?"

"Alisema akikwambia hutatishika."

"Chama kizima kile, niliyekuwa namwogopa ni mama yako tu. Angenifokea pale ukutani, ningekwenda kwa yule mjane siku ile ile."

Akausukuma ungo pembeni, akalia. Nami nikakaa chini, mkekani pale pale, nikalia naye.