Nilikosea salamu mara nne nyumbani kwa mwanafunzi wangu, nikaacha kutumia fimbo kwenye kipindi cha Hesabu

Wakuu, heshima kwenu.

Hii sijaitunga, na sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe. Nisomeni kwa huruma.

Mimi ni mwalimu wa Hesabu, sekondari ya kata huku Maswa, upande wa Sola. Kwetu Lushoto. Kisukuma nilikuwa sijui hata cha kuombea maji.

Njia yangu ilikuwa moja: nakuita ubaoni, ukikosea fimbo mbili, next. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, nikaamini ndiyo iliyonifikisha chuo. Najua mtanirarua kwenye comments, rarueni tu.

Form two kulikuwa na binti, tumwite Minza. Mpole, daftari safi, Hesabu sifuri.

Akaanza kukosekana siku zenye kipindi changu. Baadaye akapotea kabisa, wiki mbili, na mtihani wa taifa wa form two uko njiani.

Mwenzangu ofisini akasema, "Huyo ndo basi tena, utasikia ameolewa."

Mchana uleule nikachukua bodaboda mpaka kwao.

Nikamkuta uani na mama yake wanachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Mama akanipa mkono na salamu yao ya mchana: "Mwadila!"

Nikajibu, "Marahaba."

Jamani! Mama wa watu alicheka mpaka pamba ikamwagika. Lakini mkono wangu hakuuachia. Akaniambia namna ya kujibu, nikakosea. Akarudia taratibu, nikakosea tena na tena. Mara ya tano ndipo nikapatia: "Mwadila, mayu," yaani mama.

Akapiga makofi, akanishukuru. "Wabeja, mwalimu! Wabeja sana!" Akaniletea kigoda na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Minza, bila kuinua uso, akasema, "Mwalimu, umekosea mara nne. Mama hajakuchapa."

Hakusema kwa ujeuri. Alikuwa anashangaa kweli.

Nilimwomba msamaha palepale mbele ya mama yake. Machozi yalinilenga, sifichi.

Ndipo akaniambia kwamba namba hasi hakuzielewa tangu form one, na aliona bora kushinda shambani kuliko kuniuliza.

Mama akamgeukia: "Jumatatu utakwenda. Huyu mwalimu anafundishika."

Alikuja kweli. Fimbo nikaipeleka stoo.

Siku hizi mtu akikosea ubaoni, jibu halifutwi. Tunarudi mstari kwa mstari mpaka wote tuone njia ilipopotelea, na pakiwa pagumu wanaelezana kwa Kisukuma. Tunakwenda polepole, na kumaliza silabasi ni mbio. Ila wanaongea.

Wiki ileile aliyorudi, Minza akanyoosha mkono, akaja ubaoni, akakosea. Akageuka, chaki mkononi: "Nimekosea wapi?"

Miezi saba nilikuwa namfundisha. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Mtihani alivuka. Hesabu alipata D, na mimi naipenda ile D kuliko A zangu zote.

Nilichojifunza: tunasema watoto hawana kichwa cha Hesabu, kumbe wengine wana hofu tu, na hofu hiyo tumewapa sisi.

Walimu wenzangu, nyie mnafanyaje? Na wewe uliyelichukia somo kwa sababu ya mtu, tuambie.

Halafu kabla ya Minza wapo wengine walioacha shule, na sikuwahi kwenda kuwatafuta. Kama mmoja wenu yumo humu, hata kwa ID ya kificho: nisamehe, mwanangu. Uliza sasa. Nitakujibu.