Sufu ya Waridi

Dismas Oluoch hakuogopa maji. Alichoogopa ni kuchekwa na wanaume wenzake, na woga huo nusura umzike.

Kazi yake ilikuwa kupiga mbizi kwenye mabwawa ya milimani, juu ya Thika, kukata magugu na matambara yanayoziba vyuma vya kuchujia maji. Kampuni ilimpa suti ya mpira inayobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono ili maji yasiingie. Lakini mpira wenyewe hauna joto. Joto hutoka kwa nguo unayovaa ndani yake, na hiyo kila mpiga mbizi alijitafutia. Nao ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ya kung'ata.

Kwa bahati nzuri mkewe, Trizah, aliuza sweta za mitumba sokoni. Jioni moja alirudi nyumbani kwao Kiandutu na nguo mbili. Ya kwanza ilikuwa traksuti ya pamba, ya kijivu, nene, ungedhani imetoka dukani. Ya pili ilikuwa ya sufu: fulana ya mikono mirefu na suruali yake, rangi ya waridi, imedariziwa maua madogo kifuani, kando ya vifungo.

"Baba Perez, hii ndiyo yako," Trizah alisema, akiinua ile ya maua.

"Yawa! Hiyo si ni ya mwanamke?"

Trizah hakubishana. Alichovya mkono wa kila nguo kwenye beseni la maji, akaukamua, akamfunga pamba mkono wa kushoto na sufu wa kulia. "Sasa kaa hapo."

Haukupita muda mrefu, mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Wa kulia ulikuwa umelowa vilevile, lakini ulikuwa na joto.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Dismas alijibu, na kweli alikuwa amesikia. Asubuhi akavaa pamba. Mugo, mshika kamba wake, na wale wengine wangemwona akibadilisha nguo, na angeitwa Mama Maua mpaka azeeke. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo ya mtu mzima mwenye mke na mtoto.

Siku hiyo gari lilikwama kwenye matope chini ya bwawa. Dismas alikuwa ameshavaa suti, kwa hiyo alipanda kilima na mtungi wa hewa mgongoni, akitiririka jasho ndani ya ule mpira. Alipofika juu aliketi kidogo, akapumua, akaingia majini.

Chini kulikuwa giza. Alipapasa vyuma kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Baridi ilimwanzia mgongoni. Alidhani suti inavuja. Haikuvuja hata tone. Alikuwa amelowa jasho lake mwenyewe. Pamba ilikuwa imelinywa lote, na sasa ilimgandia mwilini.

Mugo akavuta kamba mara moja, kuuliza kama mambo ni sawa. Dismas alikuwa anatetemeka mpaka mabega. Akavuta mara moja: sawa.

Kisha akataka kukata, akagundua hana kisu. Hakujua kilimtoka saa ngapi. Hapo aliogopa, akaogopa sana. Alishika kamba aombe kutolewa, vidole vikakataa kufunga. Na Mugo hangeuliza tena sasa hivi, kwa sababu ameambiwa ni sawa. Dismas akaizungusha kamba kwenye kiwiko, mara ikateleza, akaizungusha tena, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Akajitupa tena. Alimwona mwanawe Perez akila uji, waziwazi, kule kwenye giza.

"Ngai! Dismas! Niongeleshe, buda!"

Ilikuwa sauti ya Mugo. Yeye na wenzake walikuwa wamemvuta nje, wakamlaza kwenye nyasi. Mugo alifungua zipu, akagusa traksuti, akairudisha nyuma mikono yake. "Hii yote ni maji! Ako na nguo ingine?"

Walifungua begi lake. Chini ya chakula cha mchana, ndani ya mfuko wa plastiki, Trizah alikuwa ameficha sufu ya waridi.

Dismas alitaka kusema hapana, lakini ulimi ulikuwa mzito. Wanaume wawili wakamvua, wakamvalisha kama mtoto mchanga, mkono mmoja kisha mwingine, na Mugo akamfunga vifungo kwenye maua. Hakuna aliyecheka. Dismas alitamani wacheke, maana nyuso zao zilimtisha kuliko maji.

Alipoanza kupata joto, simu yake ikalia. Mugo akamwekea sikioni.

"Baba Perez, uko aje?"

"Niko poa."

"Umevaa ile sufu?"

"Nimevaa."

Meno ya mumewe yalikuwa bado yanagongana, na Trizah aliyasikia.

"Ulivaa ukiingia ama ukitoka?"

Dismas aliyatazama yale maua kifuani.

"Nikitoka."

Upande ule akasikia soko, na mteja akiuliza bei ya sweta. Mteja akauliza tena, na Trizah akamwambia leo amefunga, anakwenda kwa mumewe.