Mirunda Katikati ya Sebule

Kila Jumamosi saa kumi alasiri Odeta alikuwa hakai. Kiti kilikuwapo, tena chenye mto, lakini kipindi cha "Nyumba kwa Siku Saba" kilipoanza alisimama katikati ya sebule yake ndogo ya mtaa wa Pasiansi, Mwanza, mikono kiunoni, akigombana na televisheni kama anayegombana na kibarua mvivu.

"Mwone! Mwone huyo! Anaupiga ukuta nyundo hata umeme hajazima!"

"Mama, unaniziba," alisema binti yake Hellen, msusi, aliyekuwa akijisuka mbele ya kioo.

"Na zege? Wamelimwaga Jumatatu, Jumatano kochi liko juu yake. Nani amelimwagilia maji? Nani?"

Yalimkera mengi ya vipindi vya aina hiyo. Wanandoa wanaotembezwa nyumba tatu, wakaikataa iliyo nzuri kuliko zote kwa sababu ya rangi ya chumba cha kulala, kana kwamba rangi ni ugonjwa wa kurithi. Matangazo yanayokatiza pale pale mlango unapofunguliwa, na yakiisha mtazamaji anarudishiwa yale yale aliyokwisha kuyaona. Mwenye nyumba kuziba mdomo na kulia, kila wiki, kama aliyefundishwa na mwalimu mmoja. Lakini zaidi ya yote zilimkera siku zenyewe. Hizo saba.

Odeta alizijua siku. Alitoka Misungwi akiwa na miaka kumi na tisa, akabeba ndoo za zege kichwani kwenye maghorofa ya watu, na hakuna aliyemwita kwa jina; alikuwa "wewe wa ndoo". Mafundi walipokwenda kula, yeye alishika mwiko na kujaribu. Miaka ikapita, akawa fundi kamili, mwenye timazi yake na pima maji yake. Mwanzoni kabisa mwa ufundi huo, msimamizi mmoja alimwamuru ang'oe mirunda, ile miti inayoshikilia zege changa, kabla ya wakati wake. Odeta hakuthubutu kubisha. Akang'oa. Zege la juu ya mlango likamwangukia mwenzake, Antoni, aliyekuwa akipita na toroli. Hadi leo Antoni anachechemea, na Odeta akikutana naye sokoni, macho yake huenda kwanza mguuni, ndipo yapande usoni.

Basi simu ilipopigwa, kwamba kipindi kile kile kinakuja Mwanza na kinatafuta fundi wa hapa hapa, Hellen alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

"Sasa utagombana nao uso kwa uso! Na jina lako litatokea, mama. Litaandikwa chini: Fundi Odeta!"

Odeta alijifanya hajali. Lakini jioni ile ile alipeleka kitambaa cha gauni kwa fundi cherehani.

Nyumba ilikuwa ya Paskazia, muuguzi mstaafu, juu kidogo kwenye kilima cha mawe. Watoto wake ndio walioandika barua kuomba kipindi kiikarabati. Siku ya kwanza mtangazaji, Queen, aliupiga ukuta wa kati ya jiko na sebule mara tatu kwa nyundo iliyong'aa, akacheka, kamera ikazimwa, akaenda kunywa soda. Sehemu iliyobaki aliibomoa Odeta na vibarua wake.

"Ukuta huu ulibeba kenchi za paa," alimwambia Nathaniel, kijana aliyeongoza kipindi. "Sasa haupo, paa linahitaji boriti ya zege. Na boriti inahitaji mirunda."

"Fanya unavyojua, fundi."

Alifanya anavyojua. Siku ya pili boriti ikamwagwa, ikakalia mirunda mitano. Asubuhi na jioni Odeta aliimwagilia. Usingizi ukampungua, alfajiri alikuwa amekwisha kufika, akiigusa kwa kiganja kama mama anayepima homa.

Siku ya sita Nathaniel akaja akiwa na daftari.

"Fundi, hii miti inatoka lini?"

"Wiki tatu."

Nathaniel akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akaacha. "Mama Hellen, kesho mwenye nyumba anaingia amefungwa macho. Kamera inapita hapa. Haiwezi kupita msituni."

"Igeuzeni dirishani, kuna ziwa."

"Usinitanie."

"Nawe usinitanie, mwanangu. Zege hilo lina siku nne. Halijui kuwa liko kwenye televisheni."

Nathaniel akashusha sauti. "Kama huing'oi, kesho asubuhi nitaleta mwingine ang'oe. Na jina litakalotajwa ni lake."

Odeta alitoka nje. Akarudi, akatoka tena. Mtaa mzima Hellen alikwisha kuutangazia. Gauni lilikuwa limeshonwa, linaning'inia ukutani. Miaka ishirini na saba ameacha kuta mji mzima, na hakuna hata mmoja wenye jina lake. Akaiona ile miti mitano. Kisha akaona kiti cha Paskazia, kilichokwisha kupangwa chini kabisa ya boriti.

Paskazia alikuwa amehifadhiwa kwa jirani asiione nyumba yake. Odeta akabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamenikataza kuongea nanyi mpaka niwe nimelia."

Odeta akamweleza yote, haraka haraka, hata la Antoni akalisema. 

"Nimefanya kazi wodi ya mifupa miaka thelathini," Paskazia alisema. "Mguu uliovunjika hufungwa wiki sita. Walikuwapo walioniomba nifungue mapema, eti kuna harusi. Niliwafukuza. Wewe nenda kamwagilie zege langu."

Kesho yake asubuhi yule fundi mwingine alifika kweli, akiwa na nyundo. Akamkuta Paskazia ameketi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, hajafungwa macho.

"Karibu," alimwambia. "Anayegusa mti wangu, kipindi hiki akamalizie kwake."

Nathaniel alishika kichwa. Mwishowe mirunda ikavishwa vitambaa vyeupe na maua ya plastiki, ikafanana na nguzo za ukumbi wa harusi. Paskazia akafungwa macho, akafunguliwa.

"Lia kidogo, mama," Queen alimnong'oneza.

"Nilie nini? Nawaza harufu ya dagaa itaishia wapi sasa, na ukuta hakuna."

Kipindi kilirushwa siku ya kumi na nane ya zege. Odeta alisimama mahali pake pa kila wiki. Maneno ya mwisho yakapita: mtangazaji, mwongozaji, mpiga picha, hata muuza maua. Yeye hakuwamo.

Hellen alikuwa kwenye simu, akisoma maoni ya watazamaji. "Mama, wanakutukana. Huyu anasema, 'Siku saba zote, halafu mmeacha miti sebuleni! Fundi gani huyo?'"

"Mwambie siku ya ishirini na moja bado."

"Hujakasirika?"

"Nimekasirika. Huyo naye akamwagilie lake."

Siku ya ishirini na moja alipanda kwa Paskazia peke yake, bila gauni. Kwanza alifunga uzi chini ya boriti, ukuta hadi ukuta, akaacha mwanya wa unene wa kidole; boriti ikishuka, mwanya ungepungua. Akagonga kabari ya mti wa kwanza. Ukatoka. Akasubiri. Wa pili. Wa tatu. Jasho likamwingia machoni, naye hakulifuta. Alipotoa wa tano alirudi nyuma hatua mbili, akasikiliza paa.

Kilichosikika ni mafuta jikoni. Paskazia alikuwa akikaanga dagaa, na moshi ulikuwa ukija polepole, hauzuiwi na kitu, ukapita chini ya boriti na kutulia kwenye makochi mapya.

"Fundi," Paskazia aliita akikohoa, "hivi huo ukuta hauwezi kurudi?"

Odeta akacheka mpaka akavuta kiti, akakaa pale pale chini ya zege lake. Akakaa kidogo. Kisha akasimama tena, akausogelea uzi, akapitisha kidole. Mwanya ulikuwa ule ule.